Amfibia: Jina la Maisha Mawili

Mwulize mwanafunzi kwa nini chura ni amfibia, atakujibu kwamba anaishi majini na nchi kavu. Mwulize tena kuhusu mamba na kiboko, wanaoshinda mtoni na kuota jua ukingoni. Hapo jibu litamkwama, na kosa ni letu tuliomkaririsha maana finyu.

Neno hili lina asili ya Kigiriki: amphi, pande zote mbili, na bios, maisha. Linahesabu maisha, wala halitaji makazi. Kiluwiluwi hupumua kwa matamvua kama samaki, tena wengi hula mwani. Kisha miguu inachomoza, mkia unanywea, mapafu yanaanza kazi, naye anatoka dimbwini akiwa mla wadudu. Mamba hutoka yaini akiwa mamba tayari, ila mdogo.

Wataalamu wenyewe walichelewa kuliona hilo. Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi aliwarundika katika kundi la Amphibia vyura, kobe, mijusi, mamba na nyoka, hata papa na taa, ambao mvuvi yeyote anajua hawakanyagi nchi kavu. Mwaka 1825 Mfaransa Pierre Latreille aliwatenga amfibia na reptilia.

Hata hivyo, yupo anayelishinda jina lenyewe. Chura wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, huzaa vyura kamili, wadogo mno. Hana kiluwiluwi anayeogelea. Kinachombakiza kwenye ukoo ni ngozi yake laini isiyo na magamba, inayopitisha maji na hewa. Ngozi hiyo ilihitaji manyunyu ya maporomoko kila siku. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu yakapungua, ugonjwa wa kuvu nao ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Ni uzao wa wale waliohifadhiwa Marekani ndio ulioanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Walimu, mvua zikianza, chukueni viluwiluwi wachache pamoja na maji ya dimbwi lao, watoto wawatazame hadi miguu ichomoze, kisha mwarudishe walikotoka. Maana ya amfibia wataiona kwa macho yao kabla ya kuiandika daftarini.