Hasira ya ghafla, hofu ya miaka

Mang'ola, chini kuelekea Ziwa Eyasi, vitunguu humwagiliwa kwa zamu. Tuseme mkulima kafika shambani usiku, zamu yake imeingia, akamkuta jirani ameuziba mfereji. Kumuuliza, akasukumwa na kutukaniwa mama yake. Jembe alikuwa nalo mkononi. Akampiga nalo kichwani, jirani akafa.

Sasa tuseme hakupiga palepale, bali alirudi nyumbani, akachukua panga na kumfuata.

Tusi ni lilelile, lakini kesi ni mbili tofauti. Kifungu cha 201 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema anayeua kwa jazba ya uchokozi wa ghafla, kabla hasira haijapata muda wa kupoa, ana hatia ya kuua bila kukusudia. Haachiwi huru, anaweza kufungwa hata maisha, ila jaji ana nafasi ya kupima. Aliyekwenda kufuata panga alikuwa na njia nzima ya kupoa, na kosa lake huenda likabaki kuua kwa kukusudia.

Kifungu cha 202 kinauliza kama uchokozi ule ungemtoa mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa katika hali ya kujizuia. Karatu na Ngorongoro, wanakoishi Wairaqw, Wadatoga, Wamasai na Wahadzabe, swali hilo ni zito, maana tusi halina uzito mmoja kwa watu wote. Lakini mila haijageuzwa ruhusa. Katika kesi ya Eria Galikuwa ya Uganda, mwaka 1951, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kuamini tu kwamba umerogwa hakutoshi. Lazima marehemu awe alitenda jambo la kuchokoza mbele yako.

Anayeachwa nje ni mwanamke aliyepigwa miaka nenda rudi, akaja kumuua mumewe usingizini. Kilichomsukuma ni hofu, na hofu hiyo haikuanza usiku ule. Uingereza iliufuta utetezi wa zamani wa uchokozi kwa sheria ya 2009, iliyoanza kutumika tarehe 4 Oktoba 2010. Katika utetezi mpya, kupoteza uwezo wa kujizuia si lazima kuwe kwa ghafla, na hofu ya kufanyiwa ukatili mkubwa inahesabiwa. Usaliti wa ndoa peke yake hauhesabiwi tena, na aliyepanga kisasi hapati kitu.

Kwetu pengo hili linaweza kuua. Kifungu cha 197 kinamfunga jaji: akishamtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia, adhabu ni kunyongwa, isipokuwa kwa wajawazito na waliotenda kosa wakiwa chini ya miaka 18. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba adhabu ya lazima ya namna hiyo inakiuka haki ya kuishi. Bunge lirekebishe vifungu vyote viwili: 197 kimpe jaji uwezo wa kupima adhabu, na 201 kitambue hofu ya mtu anayeishi na mpigaji wake.