Redio ya Gari Inapokwaruza (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona kwamba mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, ndiyo maana ukitumbukia bondeni kituo kinazama na ukipanda mlima kinaibuka tena. Ugonjwa huo hauna fundi. Lakini malalamiko mengi ninayoletewa si ya bondeni. Mtu yuko katikati ya mji, mnara wa kituo anauona kwa macho, na bado redio inachachatika kama dagaa kwenye mafuta ya moto. Tatizo la huyo limo ndani ya gari, na mara nyingi halimo kwenye redio yenyewe.

Swali la kwanza ni gari limetoka wapi. Mengi ya barabara zetu ni mitumba ya Japani, na FM ya Kijapani tangu zamani ilianzia megahezi 76 ikaishia 90. Juu ya hapo, hadi 108, palikaliwa na chaneli tatu za mwanzo za televisheni ya analojia. Televisheni hizo zilizimwa mwaka 2011 na 2012, na kuanzia mwishoni mwa 2014 stesheni za AM za huko zikaanza kurusha matangazo yao kwa FM pia, kati ya 90 na 95, kwa hiyo redio za magari ya karibuni hufika 95. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Redio ya Kijapani ya zamani, basi, inaambulia vituo vyetu vya mwanzo mwanzo tu.

Hapo ndipo inapoingia ekspanda, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio. Usidhani kinaongeza nguvu ya mawimbi, ingawa wauzaji hupenda kusema hivyo, kinayashusha tu. Kama ni cha megahezi 12, kituo cha 100.5 utakipata ukiweka 88.5. Ila kama mjini kwenu kuna kituo halisi cha 88.5 na mnara wake uko karibu, nacho kitapenya na kumkalia mwenzake. Utasikia taarabu na mahubiri kwa pamoja. Mwenye gari husema redio imekufa. Haijafa, dawa ni ekspanda inayoshusha kiasi kingine, tuseme 16 au 20, ili wagombanao wasikutane.

Mimi mwenyewe ekspanda imewahi kunichezea shere. Nilinunua redio mpya ya kioo, yenye kufika 108, nikaifungisha. Kwa miezi kadhaa nikawa nashangaa: kuanzia 96 kwenda juu ni mvumo mtupu, na kituo ninachokijua kwa namba yake miaka yote kinatokea kwenye namba ya ajabu. Nikailaani redio. Siku moja niliivuta kutoka dashibodini, nikapapasa kwa nyuma, na vidole vikagusa kitu kigumu kilichoviringishwa tepu nyeusi. Ekspanda ya redio ya zamani, bado inaning'inia kwenye waya, inashusha kila kitu kwa uaminifu. Nikaichomoa, nikachomeka waya wa antena moja kwa moja, mambo yakaisha. Tangu hapo, mtu akiniambia redio mpya haishiki vituo, naanzia hapo.

Sasa antena. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na fimbo nzuri ya antena ni robo yake, yaani sentimita 75. Ndiyo maana ile fimbo ndefu ya kuvuta ilikuwa inakamata kuliko kijimkia cha juu ya paa. Vijimkia vingi vya siku hizi, na zile nyuzi nyembamba za kwenye kioo cha nyuma, hutegemea kikuza mawimbi kinachohitaji volti 12, na umeme huo hutoka kwenye redio, kwa kawaida kupitia waya wa buluu. Fundi mwenye haraka huunganisha nyekundu, njano na nyeusi. Spika zikilia anakunja vifaa vyake. Wa buluu umebaki hewani. Kituo cha karibu kinakuja, cha mbali kidogo ni mvumo. Na kama antena ni ya kioo, mulika nyuzi zake kwa tochi: wembe uliokwangua tinti ya zamani huenda ulizikata, na tinti mpya yenye chembe za metali nayo hupunguza mawimbi.

Antena ikiwa ni fimbo tupu isiyo na kikuza, mita itakupa jibu upesi. Chomoa plagi yake nyuma ya redio. Kati ya ncha ya katikati na fimbo, mita isome karibu na sifuri. Kati ya ncha hiyo na ganda la plagi, isisome kitu. Kati ya ganda na bodi ya gari, karibu na sifuri tena. Hiki cha mwisho ndicho kinachosumbua sana magari ya pwani, kwa sababu chumvi huingia chini ya nati ya antena, kutu ikakata njia. Kipande cha msasa kinatosha.

Zimebaki kelele ambazo gari linajizalishia lenyewe. Weka kwanza flashi yenye muziki. Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini ukiendelea hata hapo, si suala la mawimbi. Unaingia kwa nyaya za umeme, na fundi aanzie kwenye altaneta na maungio ya waya hasi. Ukinyamaza, rudi FM uchomoe vifaa kimoja kimoja: chaja ya simu, kamera ya dashibodi, taa za kuongezea.

Jirani yangu alinijia na redio iliyokuwa inakufa kila jioni. Asubuhi nzima, jioni mgonjwa. Tukakaa garini, akawasha taa kubwa, kituo kikamezwa, akazima, kikarudi. Zilikuwa taa za LED alizozifunga mwenyewe. Alirudisha balbu zake za njano, na mpaka leo analalamika kwamba barabara haioni vizuri, lakini taarifa ya habari ya saa mbili usiku anaisikia yote.