Lagonga, Lateleza au Lachelewa?

Swali hilo niliulizwa na fundi kijana katika eneo la Light Industries, Kariobangi, nami mwenye shahada ya uzamifu katika isimu nikashindwa kulijibu. Nilikuwa nimefika pale na haja moja tu: kumwomba anitafutie giaboksi kuukuu badala ya ile yangu. Fundi wa awali, katika gereji ambayo sitaitaja, alikuwa amekwisha kutoa hukumu. "Gia imeisha," alisema, akanitajia shilingi 38,000, ujira kando. Mwezi huo nilikuwa nikidaiwa karo ya watoto wawili. Ilinibidi nichague: gari linipeleke kazini au watoto waende shule.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 2003, lenye gia zinazojibadilisha. Wakazi wenzangu wa Buruburu, Umoja na Donholm wanaijua safari ya asubuhi: kuruka matuta mtaani, kusimama, kwenda, kisha kujikokota katika msongamano wa barabara ya Jogoo. Kwa dereva wa namna hiyo, gia ya kwanza na ya pili hupokezana mara nyingi mno hata kabla ya kiamsha kinywa. Basi kila zilipopokezana, gari langu lilishtuka kana kwamba limepigwa teke kwa nyuma.

Hayo yote nilikuwa nikiyafupisha kwa maneno mawili: "Gia imeharibika." Kijana yule hakuridhika nayo. "Mzee, hii gari inagonga, inateleza ama inachelewa?" Nilijizuia kumrekebisha ngeli. Nilipobabaika, alinieleza kwa utulivu ambao ningependa kuuona katika kumbi zetu za mihadhara.

Gari linalogonga, alisema, hupokea gia kwa kishindo. Hapo huenda mafuta yamechakaa au si ya aina ifaayo. Huenda vali na solenoidi zinazoongoza shinikizo la mafuta zina kasoro. Au huenda ni mipira tu inayoshikilia injini na giaboksi ambayo imekatika. Gari linaloteleza ni lile ambalo ukikanyaga mafuta injini hunguruma lakini mwendo hauongezeki. Hapo mafuta yamepungua au klachi za ndani zimelika. Na gari linalochelewa ni lile ambalo ukitia D husimama kwanza kama linalotafakari, kisha ndipo likaondoka; hapo shinikizo ni dogo, chujio limeziba au mipira ya ndani imekauka. Vitenzi vitatu, na nyuma ya kila kimoja pana orodha yake ya sababu na ya gharama.

Waama, ili kuelewa kwa nini mafuta yanatajwa kila mara, yafaa tukumbuke jinsi mtambo huu unavyofanya kazi. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilipoanza kuuza magari ya Oldsmobile yenye gia za kujibadilisha, yaliyohesabiwa kuwa ya modeli ya 1940, ilimwondolea dereva kanyagio la klachi. Kazi iliyofanywa na mguu wake ikafanywa na mafuta yanayosukumwa kwa shinikizo. Katika gari la namna hii, mafuta hayalainishi vyuma tu. Ndiyo yanayopokea nguvu za injini ndani ya konveta, na ndiyo yanayozibana klachi ili gia ishike. Mafuta yakiwa mabaya, ni kana kwamba mguu wa dereva umelewa.

Kijana aliliacha gari likiunguruma hadi likapata joto, mahali tambarare, akausogeza wenzo kwenye kila gia taratibu, akaurudisha kwenye P, ndipo akachomoa kijiti cha kupimia. (Zipo aina za magari zinazopimwa injini ikiwa imezimwa, na nyingine hazina kijiti kabisa, kitabu cha gari ndicho mwamuzi.) Mafuta mazuri ya gari kama langu huwa mekundu. Yakiwa ya kahawia iliyokolea au meusi na yakanuka moshi, hiyo ni habari mbaya. Yangu hayakuwa meusi wala hayakunuka, ila rangi yake ilimtatiza. Akauliza yalibadilishwa lini. Nikajibu: miezi miwili iliyopita. Ndipo nilipokumbuka kwamba mkebe uliosalia ulikuwa bado kwenye buti.

Aliusoma mkebe, akatabasamu kwa huzuni. Yalikuwa mafuta ya giaboksi zinazotumia mkanda, zisizo na hatua za gia kama zangu. Gari langu lilihitaji yale yanayoandikwa T-IV. Risiti niliyopewa kule nyuma ilisema tu: "Mafuta ya gia, lita 4."

Hapo ndipo taaluma yangu ilipoamka, ingawa kwa kuchelewa. Katika isimu tunafundisha kwamba lipo neno pana linalobeba maneno mengi mahususi chini yake, kama "mti" unavyobeba mwembe na mkorosho. "Mafuta ya gia" ni neno la aina hiyo. Chini yake yamo mafuta mazito ya gia za mkono, yamo ya otomatiki ya aina kadhaa, na yamo ya giaboksi za mkanda. Aliyeniuzia hakusema uongo. Alitumia neno pana mahali palipohitaji neno mahususi. Nami sikumwuliza. Nikalipia kosa hilo, na nusura nililipie mara ya pili kwa kununua giaboksi nzima.

Tuliyamwaga, tukasafisha chujio lililo ndani ya sampu, tukatia yanayofaa. Kwa kuwa kumwaga mara moja hutoa sehemu tu, nyingi ikibaki ndani ya konveta, nilirudi wiki iliyofuata na ile ya tatu. Gharama yote, pamoja na ujira, ilikuwa shilingi 13,500. Kishindo kimekwisha, isipokuwa kidogo asubuhi injini ikiwa baridi, ambacho kijana anakihusisha na mpira mmoja uliochoka. Huo tutaubadilisha karo ikilipwa.

Sidai kwamba kila giaboksi huponywa kwa mafuta. Klachi zikishalika, hakuna mafuta yatakayozirudisha. Lakini nchi yetu hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka 8, kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000. Hivyo mengi hufika yakiwa tayari na miaka kadhaa, kisha huishi nasi miaka mingi zaidi. Mtaa mzima wa Eastlands unategemea magari yaliyozeeka na mafundi wanaoyajua. Maarifa hayo hayapaswi kubaki midomoni mwao tu.

Wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi sayansi na waende Kariobangi. Watamkuta kijana akitumia kugonga, kuteleza na kuchelewa kwa usahihi wa daktari anayetofautisha kikohozi na pumu. Mabaharia wa pwani walitupa "usukani" wa jahazi tukautia garini bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kilichopungua kwa fundi ni majina, maadamu vyuo vya ufundi humfundishia kwa Kiingereza, na sisi tulio na kalamu hatujaenda kuyaunda pamoja naye. Walimu wenzangu, hebu watumeni wanafunzi gerejini na daftari, wakusanye vitenzi hivyo, kisha wakae na mafundi kuyatafutia majina mafuta hayo matatu.

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha maradhi ya gari langu. Nilishindwa kuyataja, na tofauti ya mambo hayo mawili ni ndogo mno unapoletewa hesabu ya kulipa.