Je, Wajua? Miji ya Ujerumani na Sarafu za Kumbukumbu

Je, wajua kwamba zamani miji huru ya Ujerumani, kama Nürnberg, Augsburg na Ulm, ilikuwa na haki ya kufua sarafu zake yenyewe? Kila lilipotokea jambo kubwa, ililiweka kwenye fedha na dhahabu, ili mwananchi alishike mkononi.

Je, wajua kwamba mwaka 1617, Matengenezo ya Kanisa ya Martin Luther yalipotimiza miaka 100, Nürnberg na Ulm zilitoa sarafu za yubilei? Mwaka uliofuata ikazuka vita iliyodumu miaka 30.

Je, wajua kwamba watoto nao walikuwa na sarafu yao? Mwaka 1650 wajumbe walikutana Nürnberg kukamilisha amani baada ya vita hiyo. Masimulizi ya mji yanasema wavulana walimwendea Ottavio Piccolomini, mjumbe wa kaisari, wakiwa wamepanda farasi wa fimbo. Akawagawia sarafu za fedha za pembe nne, zenye picha ya mtoto aliyepanda farasi kama wao.

Je, wajua kwamba dukati, yaani sarafu ya dhahabu, ya Nürnberg ya mwaka 1700 ina mwanakondoo aliyesimama juu ya dunia, amebeba bendera ya amani? Dukati nzima ilikuwa na takriban gramu 3.5 za dhahabu. Sarafu ndogo kuliko zote za aina hiyo ilikuwa sehemu moja ya 32 ya dukati: karibu moja ya kumi ya gramu!

Je, wajua kwamba Hamburg iliiga sarafu kubwa ya dhahabu ya Ureno, yenye thamani ya dukati 10? Ile ya Ureno, iliyoanza mwaka 1499, ilitangaza mamlaka ya mfalme juu ya biashara ya Ethiopia, Uarabuni, Uajemi na India. Hamburg ikaifanya yake kuwa zawadi ya heshima na kumbukumbu ya mji.

Je, wajua kwamba mwandishi wa Kijerumani Goethe, akiwa na miaka 14, alishuhudia sarafu zikirushwa kwa umati wa Frankfurt, Joseph wa Pili alipotawazwa huko kuwa mfalme mwaka 1764?

Na je, wajua kwamba msiba nao uliandikwa? Mwaka 1796 majeshi ya Ufaransa yaliitoza Frankfurt fedha nyingi. Vyombo vya fedha vya makanisa na vya wananchi vikayeyushwa, vikafuliwa kuwa sarafu, na juu yake mji ukaandika wazi zilikotoka.