Kutoka Ndalambo hadi Mbeya: hesabu ya dawa ya presha ya macho

Chupa ya matone ya timolol ya asilimia 0.5 kwa kawaida ina mililita 5. Mililita moja hutoa matone kama 20, kwa hiyo chupa nzima ina matone 100 hivi. Mgonjwa wa presha ya macho, yaani glakoma, anayetibiwa macho yote mawili huweka tone moja kila jicho asubuhi na jioni. Hayo ni matone manne kwa siku, na chupa inakauka siku ya 25. Kwa mwaka zinahitajika chupa 15, wala si 12 kama anavyodhani aliyeambiwa “chupa moja kwa mwezi”. Na hapo hatujahesabu tone lililokosa jicho likaishia shavuni.

Kwa mkazi wa Ndalambo, wilayani Momba, mkoani Songwe, hesabu hiyo ya chupa ndiyo nyepesi. Nzito ni ya kumpata mtu wa kuiandika dawa yenyewe, na wa kuendelea kuiandika miaka yote ijayo.

Timolol ni dawa ya cheti, na kwa sababu nzuri. Inaweza kubana kifua cha mwenye pumu na kupunguza kasi ya moyo ambao tayari unakwenda polepole. Anayeiandika anatakiwa kwanza apime shinikizo la ndani ya jicho kwa kifaa chake maalumu (mashine ya presha ya mkononi haisemi lolote kuhusu jicho), aangalie neva inayopeleka picha kwenye ubongo, kisha apime upana wa uoni. Shinikizo la kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, lakini wapo wenye 18 ambao neva yao inakufa, na wapo wenye 24 walio salama. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Anahitajika mtaalamu anayejua kusoma neva. Katika mfumo wetu huyo ni daktari bingwa wa macho, au daktari msaidizi aliyesomea macho, ambaye wengi wanamfahamu kama AMO wa macho.

Je, wanaomhitaji mtaalamu huyo ni wangapi? Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 uliwapima watu 3,268 wa vijijini wenye miaka 40 na kuendelea. Asilimia 4.16 walikuwa na glakoma. Sensa ya 2022 iliuhesabia Mkoa wa Songwe watu 1,344,687. Tukikadiria kwamba mmoja kati ya sita amevuka miaka 40, tunapata watu 224,000. Ukiwapimia kwa kipimo cha Kongwa, wagonjwa ni takriban 9,300. Wengi wao hawajijui, kwa kuwa aina iliyoenea zaidi haiumi wala haiwashi. Inakula uoni wa pembeni kwanza, na kilichokwisha kuliwa hakirudi kwa dawa wala kwa kisu.

Shirika la Afya Duniani na wenzake, katika mpango wa VISION 2020, waliziwekea nchi za Afrika lengo la daktari bingwa wa macho mmoja kwa watu 250,000. Kwa kipimo hicho Songwe ingestahili watano. Tuseme wapo. Wagonjwa 9,300 wakihudhuria kliniki mara nne kwa mwaka ni mahudhurio 37,200. Yagawanye kwa siku 250 za kazi, kisha kwa madaktari watano: kila mmoja angewaona wagonjwa 30 wa glakoma kila siku, kabla hajamgusa hata mzee mmoja wa mtoto wa jicho. Na hilo lilikuwa lengo tu. Hali halisi ni kwamba mabingwa wa macho nchini wamejazana Dar es Salaam na katika miji mingine mikubwa.

Ndiyo maana mgonjwa wa Ndalambo husafiri. Njia yake inapita Tunduma, kisha Vwawa penye hospitali ya rufaa ya mkoa, na mara nyingi inaishia Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Tuiwekee safari hiyo kilomita 150 kwa makadirio. Nauli ya mabasi ya daraja la kawaida iliyotangazwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, mwishoni mwa 2023 ilikuwa Sh 48.47 kwa abiria kwa kilomita. Kwenda ni Sh 7,270. Kwenda na kurudi ni Sh 14,541. Mtu asiyeona vizuri hasafiri peke yake, kwa hiyo zidisha kwa mbili: Sh 29,082. Kliniki nne kwa mwaka zinafika Sh 116,328.

Nauli hiyo haina bodaboda ya kutoka kijijini, chakula, mahali pa kulala wala siku za shamba zilizopotea kwa watu wawili. Hata hivyo, igawanye kwa zile chupa 15. Chupa moja ingepaswa kuuzwa Sh 7,755 ndipo gharama ya dawa ilingane na ya basi. Angalia bei ya famasi unayonunua, ulinganishe mwenyewe. Kisha kumbuka kwamba aliyegundulika akiwa na miaka 50 anaweza kusafiri hivyo miaka 20, na kwa nauli hiyo ya 2023 jumla ni Sh 2,326,560.

Bima ya afya ya jamii, CHF, haikuziba pengo hili. CHF iliyoboreshwa ilianza kwa mchango wa Sh 30,000 kwa kaya ya watu sita, na huduma zake zikaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Hospitali ya kanda haikuwamo. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa matibabu katika vituo vya serikali, lakini kondakta wa basi hautambui msamaha huo.

Hapo ndipo watu hukata tamaa na kununua matone yoyote. Matone yenye steroidi, yanayotuliza jicho jekundu haraka, yakitumiwa kwa wiki nyingi bila usimamizi yanaweza yenyewe kupandisha shinikizo la jicho. Anayejinunulia hayo ili kukwepa nauli ya Mbeya anaweza kuwa analipia upofu.

Kuna namna mbili za kupunguza gharama, na zote zinaanza kwa kumuuliza daktari siku ile ya kwanza.

Ya kwanza ni kuomba barua ya mpango: shinikizo analolenga, dawa, na kliniki zipi zinaweza kufanyika Vwawa. Kutoka Mbeya hadi Vwawa ni kama kilomita 70, ambazo anayeishia Vwawa anaziokoa. Kliniki tatu kati ya nne zikihamia huko, nauli ya mwaka kwa watu wawili inashuka hadi Sh 75,613, na kaya inabaki na zaidi ya Sh 40,000. Piga simu kwanza uulize mtaalamu yupo siku gani na kama kifaa kinafanya kazi.

Ya pili ni kuuliza kuhusu leza au upasuaji mapema, kabla ya kuzoea chupa. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2021 likilinganisha leza na timolol kwa wagonjwa 201. Baada ya mwaka mmoja, macho yaliyofikia shinikizo lililolengwa yalikuwa asilimia 61 kwa leza na asilimia 31 kwa timolol. Mimi naona tofauti hiyo ina uzito mkubwa zaidi kwa mtu wa Ndalambo kuliko kwa mtu wa Moshi mjini, kwani leza haimwishii siku ya 25. Kasoro yake ni kwamba mashine hizo ni chache nchini, nguvu ya leza hupungua kadiri miaka inavyopita, na kliniki haiachwi.

Hesabu ya mwisho ni ya halmashauri na mkoa. Wagonjwa 30 wa upande wa Ndalambo wakienda Mbeya na wasindikizaji wao wanalipa nauli ya Sh 872,460 kila miezi mitatu. Mtaalamu mmoja aliyebeba kifaa chake, akitoka Mbeya kuja Ndalambo na kurudi, kwa basi hilohilo analipa Sh 14,541. Ongezeni posho yake na chakula cha mchana, bado mtabaki na chenji. Momba iweke siku hiyo ya kliniki kwenye bajeti.