Tarangire Ni ya Kiangazi

Familia nyingi za Kikuyu na mitaa mingine ya Dodoma hungoja shule zifungwe Desemba ndipo zifikirie kwenda mbugani. Kama safari ni ya Tarangire, ambayo lami ya kilomita 251 hadi Babati, iliyozinduliwa 2018, imeisogeza karibu nasi, ningeshauri likizo ya Juni. Asiye na watoto wa shule na asubiri Septemba, kukauke zaidi.

Sababu ni maji. Mvua zikinyesha, madimbwi hujaa kila mahali, na nyumbu na pundamilia wengi hutoka hifadhini wakaelekea mashariki, kwenye tambarare za Simanjiro. Huko nyasi zina fosforasi nyingi kuliko za ndani ya hifadhi, nayo humfaa jike kwa maziwa na mtoto kwa mifupa. Basi mgeni wa msimu wa mvua hulipa kiingilio huku makundi aliyoyafuata yakilisha kwenye ardhi ya vijiji, jirani na ng'ombe wa Wamasai. Madimbwi ya Simanjiro yakikauka, wote hurudi kwenye Mto Tarangire.

Mto wenyewe nao hupungua, mahali pengine ukabaki mchanga mtupu. Hapo tembo huchimba kwa miguu na mkonga mpaka maji yachuruzike shimoni. Wakiondoka, wanyama wengine huja kunywa. Mgogo hana haja ya kuelezwa jambo hili, kwani vijijini kwetu visima vya makorongoni huchimbwa vivyo hivyo: maji yaliyozama mchangani hayafikiwi na jua upesi. Mibuyu utaikuta imechubuliwa magome, mingine imetobolewa shina, kwa sababu tembo hutafuta unyevu uliomo ndani. Mimi napenda kuegesha hapo kuliko kukimbilia simba. Akionekana mmoja tu, madereva huitana kwa redio, na baada ya muda magari yamemzunguka, naye amelala.

Vumbi halikwepeki. Jinzi za bluu na nguo nyeusi ziache nyumbani: rangi hizo huwavuta mbung'o, ndiyo maana mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Beba kitambulisho cha taifa, maana bila kuthibitisha uraia huwezi kudai kiingilio cha shilingi, ambacho ni kidogo sana kuliko cha dola anacholipa mgeni wa nje. Usitegemee noti mfukoni. Getini hulipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo.

Kibali ni cha saa 24 tangu unapoingia, na wengi hukipoteza kwa kuingia asubuhi na kutoka jioni ile ile. Ukiingia saa sita mchana ukalala kambini ndani, unapata jioni moja na alfajiri moja kwa kibali kile kile. Ada ya kambi hulipwa peke yake.