Kutoka Misalaba ya Shaba hadi Funguo za Siri: Sarafu za Kidijitali Mbele ya Kompyuta ya Kwantamu

Kila fedha inayoaminika husimama juu ya jambo gumu ambalo mdanganyifu hawezi kulifanya kwa wepesi. Katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale kwenye bonde la Upemba lililo magharibi ya mji wa Mitwaba nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaakiolojia walifukua misalaba midogo ya shaba, mingine ikiwa mikononi mwa marehemu, ambayo watu wa Katanga waliitumia kama fedha kabla ya ukoloni. Thamani yake ililindwa na kazi ya kuchimba mawe ya shaba, kuchoma makaa, kuvukuta moto na kumimina shaba iliyoyeyuka katika kalibu. Sarafu za kidijitali, ambazo hazina noti wala benki kuu na ambazo daftari lake hutunzwa na maelfu ya kompyuta kwa pamoja, nazo hulindwa na ugumu, ila ugumu huo ni wa hesabu.

Sarafu hizo si ngeni nchini Kongo, kwa kuwa mwaka 2020 Hifadhi ya Taifa ya Virunga, Kivu Kaskazini, ilianza kutumia umeme wa maporomoko ya maji huko Luviro kuendesha kompyuta zilizopangwa ndani ya makontena, ili kuzalisha bitcoin, mojawapo ya sarafu hizo, na kujipatia mapato.

Mwenye bitcoin huwa na namba mbili: ufunguo wa siri, anaoutunza mwenyewe, na ufunguo wa wazi, unaokokotolewa kutokana na ule wa siri. Anapolipa, programu ya simu yake hutia saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri, na yeyote mwenye ule wa wazi huweza kuihakiki. Kutoka kwenye siri kwenda kwenye wazi ni hesabu ya kufumba na kufumbua, lakini njia ya kurudi haipitiki kwa kompyuta za kawaida, hata zikiunganishwa zote duniani.

Mwaka 1994 mwanahisabati wa Marekani, Peter Shor, alithibitisha kwamba njia hiyo inapitika kwa kompyuta ya kwantamu, yaani mashine inayotumia tabia za chembe ndogo kabisa za maumbile. Kompyuta ya kawaida hufanya kazi kwa biti, ambayo ni sifuri au moja, ilhali kyubiti huweza kuwa katika mchanganyiko wa hali zote mbili, na utaratibu wa Shor huipanga michanganyiko hiyo ili majibu ya makosa yafutane na lililo sahihi lijitokeze. Mashine yenye uwezo huo haijapatikana: chipu ya Willow, iliyotangazwa na Google mwezi Desemba 2024, ina kyubiti 105, ilhali makadirio mengi ya kuvunja kufuli la bitcoin hutaja mamia ya maelfu hadi mamilioni.

Hata hivyo, hatari haiwakabili wote sawasawa. Anwani nyingi za kupokelea bitcoin huonyesha muhtasari tu wa ufunguo wa wazi, na ufunguo wenyewe hufichuka mwenye sarafu anapolipa, kwa hiyo anayeitumia tena anwani ileile hujianika. Sarafu nyingi za mwaka 2009, zikiwemo zinazodhaniwa kuwa za mwanzilishi Satoshi Nakamoto, zimeanika funguo zake za wazi tangu siku ya kwanza.

Dawa ipo, kwa maana mwezi Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vya kufuli vilivyobuniwa kuhimili kompyuta ya kwantamu. Mchimbaji wa kasiteriti wa Mitwaba anayeweka akiba kwenye akaunti ya simu hutegemea kampuni yenye mamlaka ya kubadili kufuli zake zote kwa amri moja, lakini bitcoin haina mwenye amri, hivyo mabadiliko yanahitaji ridhaa ya watumiaji walioenea duniani, na kisha kila mmoja ahamishe sarafu zake kwa saini yake.

Waliofariki na waliopoteza funguo hawawezi kutia saini. Misalaba ya Sanga ilitulia mikononi mwa marehemu kwa karne nyingi, lakini sarafu za marehemu wa leo ambazo funguo zake za wazi zimeanikwa zinaweza kuchukuliwa na wa kwanza kuimiliki kompyuta hiyo ya kwantamu, isipokuwa watumiaji wakubaliane kuzifunga. Ama wazifunge na kumnyima mrithi mwenye ufunguo aliyechelewa, ama waziache ziibiwe, uamuzi huo ni wa haki kabla ya kuwa wa hesabu, na unastahili kufikiwa sasa, wakati ambapo bado hakuna mwizi anayenufaika na kuchelewa kwa uamuzi.